Mimba Yangu ya Miezi Kumi na Miwili

Wanawake wa kanisa letu wakikutana nami sokoni, bado kuna wale ambao macho yao hunishuka hadi tumboni kabla hawajanisalimu, na siwalaumu, kwa sababu aibu niliyojipaka mbele yao ni ya kiasi ambacho nikiikumbuka nikiwa peke yangu dukani hujikuta nimefunika uso kwa kitambaa cha kupangusia vumbi. Nimeamua kuisimulia mwenyewe kwa kuwa nimechoka kusikia ikisimuliwa vibaya. (Kuna wanaosema nilikuwa nimefungia paka tumboni. Haikuwa paka.)

Mimi naitwa Wambui. Nina duka la pembejeo hapa Eldoret, nauza mbegu, mbolea, dawa za kupe, na ushauri ambao hakuna aliyeuomba. Mume wangu, Kibet, ni mwalimu, Mkalenjin wa Moiben, mtu mpole anayeongea polepole hadi unatamani kumsaidia kumaliza sentensi, na mara nyingi mimi humsaidia. Kungoja si kazi yangu. Chai yangu humwagika kila asubuhi kwa sababu naongeza moto badala ya kuisubiri ichemke. Sasa mtu wa namna hiyo akakosa mtoto miaka minane, akazunguka hospitali hii na ile, halafu akaishia kwenye shughuli ya polepole kuliko zote hapa nchini, yaani kuasili mtoto.

Nilikuwa nimesikia kwamba serikali ilisimamisha wageni wa ng'ambo kuja kuchukua watoto hapa kwetu, nikajiambia basi foleni ni fupi, sisi wenyeji tutaingia leo tutoke kesho. Wapi! Cheti cha ndoa, barua ya kazi, barua ya pasta, vipimo vya damu, picha za nyumba kutoka kila upande hadi choo, halafu cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi, ambacho kilirudishwa mara mbili kwa sababu vidole vyangu, kwa kushika dawa za mifugo miaka yote hiyo, havikutoa alama za kusomeka, na yule afisa akanitazama kana kwamba nilikuwa nimezifuta makusudi. Tulipomaliza yote tukaambiwa sasa faili letu linangoja kamati, na kamati haikai kila wiki. "Mambo yakienda vizuri, mama," wakaniambia, "hesabu miezi sita hivi."

Siku hiyohiyo, mwezi wa Februari, nilirudi dukani nimevaa dera, na nilikuwa nimekula sahani mbili za githeri, mahindi na maharagwe, kwa hasira za kungoja. Mama Shiro akaniona. Huyu anauza mitumba mlango wa pili kutoka kwangu, na ndiye mwenyekiti wa akina mama kanisani. Akasimama, akanitazama katikati, akapiga makofi.

"Wambui! Kumbe wewe ni mjanja hivi! Hiyo ni ya miezi ngapi?"

Jibu la kweli lilikuwa githeri. Lakini wakati ule ule nikamfikiria mama mkwe wangu. Mama Kibet ana ng'ombe kumi na mmoja kule Moiben, na kila mmoja atakuambia mama yake ni nani na nyanya yake alinunuliwa kwa nani. Kwa miaka minane hakuwahi kuniuliza habari za mtoto hata mara moja, na kunyamaza kwake kulinitisha kuliko swali lolote. Nilikuwa na hakika kwamba mama huyu, anayejua ukoo wa ng'ombe wake hivyo, hangempokea mtoto aliyekuja kwa karatasi. Nikahesabu haraka haraka kichwani: miezi sita kutoka leo mtoto anakuja, tumbo la miezi mitatu na miezi sita ni tisa, hesabu imeingia kama kifuniko na chupa. Nikamjibu Mama Shiro, "Mungu ni mwema."

Maneno matatu tu. Wala si uongo, Mungu ni mwema kweli. Lakini kufikia jioni Moiben nzima ilikuwa inajua, na mama mkwe alimpigia Kibet simu analia.

Kibet alikata simu akakaa kitandani. "Wambui," akasema, "hii kitu itatushinda."

"Ni miezi sita tu," nikamwambia.

(Sikufikiria hata kidogo kwamba mtoto wa kuasili haji akiwa na siku mbili. Polisi hutafuta jamaa zake kwanza, miezi inapita. Mimi nilikuwa najiandaa kuzaa mtoto mwenye meno.)

Mwanzoni nilijifunga shali. Kufikia Aprili nikahamia kwenye mto wa kochi, lakini mto una shida yake, hauna uzito, na siku moja niliruka mtaro mbele ya duka kama mtoto wa shule, na mteja akaangusha kopo la dawa kwa mshtuko. Basi nikafikiri kama mfanyabiashara. Nilikuwa na mifuko ya mbegu za mahindi iliyotobolewa na panya, haiuziki tena. Nikashona mfuko wa kitambaa, nikaushikilia na mkanda mpana wa kubana tumbo, nikaujaza mbegu gorogoro moja, lile kopo la kilo mbili, baadaye mbili, na ninawahakikishia kwamba mtu akibeba kilo nne za mahindi tumboni hana haja ya kuigiza. Mgongo unauma wenyewe. Miguu inafura yenyewe. Mama Shiro akiniona ninavyotembea alikuwa ananiletea kiti.

Nikawa na maisha mawili. Siku za kwenda ofisi ya kuasili nilikuwa naingia choo cha kituo cha mafuta nikiwa mja mzito, natoka mwembamba na mfuko mkubwa begani, napanda ghorofa ya tatu, namweleza afisa wetu, Madam Nafula, vile tunavyomngoja mtoto kwa uaminifu, halafu narudi choo kilekile naingia mwembamba natoka mzito. Kijana anayelipisha pale chooni alikuwa hata haniangalii usoni tena. Nafikiri alikuwa ameanza kuomba.

Na faili halisogei. Julai wakasema vipimo vyetu vya hospitali vimepitwa na wakati, turudie. Agosti pasta alikuwa amesafiri na barua yake ilitakiwa upya. Septemba kamati haikukaa. Kila simu ikilia nilikuwa naruka, mteja nimemwacha na chenji mkononi, kumbe ni mtu anauliza bei ya mbolea. Usiku nilikuwa nazunguka nyumba nikipanga upya nguo za mtoto ambaye sijui hata kama ni mkubwa au mdogo, na Kibet ananiambia lala, na mimi namwambia nimelala, huku nimesimama.

Mahindi yaliyopandwa nikiwa tayari na tumbo yakavunwa, yakakaushwa, yakauzwa, na mimi bado nimebeba yangu. Watu wakaanza kuhesabu kwa vidole. Nikasema daktari alikosea tarehe. Nikasema ni mtoto mkubwa. Watu wa Moiben wakasema labda sisi Wakikuyu hubeba hivyo, na wateja wangu Wakikuyu wakasema huyo mtoto ni Mkalenjin, yuko ndani anafanya mazoezi, atatoka akikimbia. Mimi nilicheka nao. Ningefanya nini?

Novemba, mwezi wa kumi na mbili wa mimba kwa hesabu za Mama Shiro, akina mama waliamua kwamba wamengoja vya kutosha. "Tutamfanyia bebi shawa," Mama Shiro akasema, "pengine mtoto akiona zawadi atatoka." Nilikataa mara tatu. Wakafikiri naona haya.

Ikafika Jumamosi ya shawa. Ukumbi wa kanisa, viti vya plastiki, maputo ya waridi na ya samawati kwa sababu sikuwa nimewaambia jinsia, keki yenye umbo la kiatu cha mtoto, na akina mama kama hamsini wamevaa sare. Mama mkwe alikuwa amekuja tangu asubuhi na vibuyu viwili vya mursik, yale maziwa yao ya kugandisha, akaketi safu ya mbele karibu nami, akanishika mkono akaufunika kwa mikono yake yote miwili. Nilihisi vibaya sana, nawaambieni, vibaya kuliko wakati wowote wa mwaka ule.

Sasa mimi sikujua kwamba kamati ilikuwa imepangwa kukaa Alhamisi iliyofuata, na kwamba lililobaki kwenye faili letu lilikuwa jambo moja tu, ripoti ya ziara ya ghafla nyumbani. Madam Nafula alifika kwetu akakuta mlango umefungwa. Akamuuliza jirani. Jirani, kwa roho safi kabisa, akamwambia, "Wambui? Si yuko kanisani wanamfanyia shawa, karibu ajifungue."

Nilimwona akiingia. Amevaa koti la kijivu, faili letu kwapani, lile la kijani lenye jina langu kwa kalamu nyeusi. Akasimama mlangoni, akaniangalia usoni, akaniangalia tumboni, akarudi usoni. Mimi nikatabasamu. (Msiniulize kwa nini. Uso ulijifanyia tu.)

Mama Shiro humkaribisha kila mgeni kama ameletwa na Mungu. Akamshika mkono akamleta mbele kabisa, akamkalisha kiti kilichokuwa kimebaki, akamwekea soda. Na kwa kuwa desturi yetu ni kila mgeni atoe neno kwa mama mtarajiwa, akampa maikrofoni.

"Madam, utuambie jina, na vile unajuana na mama yetu."

Madam Nafula alisimama. Mimi nilikuwa nahesabu hatua kutoka kiti changu hadi mlango wa nyuma, na zilikuwa nyingi.

"Naitwa Nafula," akasema. "Najuana na Wambui kwa sababu ya mtoto. Nimemngoja huyu mtoto pamoja na yeye mwaka mzima." Akalisogeza faili kwapani. "Leo nilikuja kuona vile anamngoja."

Wakampigia makofi! Mama mmoja akasema amina. Yeye akaketi akaweka faili magotini, na hakugusa soda.

Hapo ndipo Mama Shiro akaleta utepe mpana wa kitambaa cha kung'aa, ulioandikwa Mama Mtarajiwa, akaanza kunifunga kutoka bega hadi kiunoni, na kwa kuwa ulikuwa unateleza akatoa pini kubwa, ile ya nepi, akaichoma kwenye dera langu upande wa tumbo. Ikaingia yote. Mkono wake ukasimama. Alikuwa amenichoma tumboni pini ya urefu wa kidole na mimi sikusema hata "ai". Akanitazama. Nikamtazama. Halafu, nimechelewa kama sekunde tano, nikasema, "Ai."

Nikaona nikiendelea kukaa pale nitakufa, nikainuka ghafla niseme naenda chooni, na ncha ya utepe ilikuwa imekamatwa na mguu wa kiti, na pini ilikuwa imekamata mfuko. Nikasikia kitambaa kikipasuka. Kisha nikasikia kitu kidogo kikidondoka kwenye sakafu ya saruji, tik. Kingine, tik. Kisha zote zikaja kwa pamoja, kilo nne, zikateremka miguuni, zikatoka chini ya dera, zikatawanyika hadi kwenye meza ya keki, mahindi mekundu mekundu kwa ile dawa ya mbegu, na tumbo langu la miezi kumi na miwili likalegea mbele ya watu hamsini.

Na neno la kwanza kunitoka kinywani, mbele ya mama mkwe, mbele ya afisa, mbele ya nyumba ya Mungu, lilikuwa hili, nililisema kwa sauti ya dukani: "Watoto wasiguse! Ina sumu!"

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililonimaliza. Mama mkwe aliinama polepole akaokota mbegu moja, akaigeuzageuza kwenye mwanga kama mkulima anayekagua kabla ya kununua. "Hii ni mbegu," akasema. Kisha akaniuliza, bila kupaza sauti, "Mtoto wa Kibet iko wapi?"

Nikapiga magoti palepale juu ya mahindi (yanauma, mkitaka kujua) nikasema yote. Nikasema hakuna mimba wala haikuwahi kuwako. Nikasema tumeomba mtoto kwa karatasi, tumepimwa damu, tumepigwa picha hadi choo, na hatujapewa, na mimi nilishindwa kungoja bila kuonekana nangoja kitu. Nikasema yule madam ndiye mwenye faili. Kibet alikuwa ameitwa, akafika mlangoni wakati huo, akaja akapiga magoti karibu nami bila kuuliza lolote, na nilimpenda siku hiyo kuliko siku ya arusi yetu.

Madam Nafula alinivuta kando, lakini ukumbi ule hauna kando, kila mtu alisikia.

"Sheria haina shida na tumbo lako, Wambui. Mimi nilikuja kuona nyumba ambayo mtoto ataletwa, nimepata ameandaliwa kuletwa kama siri. Watoto wanakua. Wanauliza. Ungemwambia nini, na nyanya yake ndiye mtu wa kwanza umedanganya?"

Nikaanza kuokota mbegu sakafuni.

"Siandiki kwamba nimewakataa," akasema. "Lakini Alhamisi hii ripoti yenu haitakuwa mezani. Siwezi." Akachukua faili akaondoka, nikaiangalia ile rangi ya kijani ikitoka mlangoni, na mwaka mzima ukatoka nayo.

Mama mkwe alikuwa amesimama na mbegu yake mkononi. Nilimgeukia nikamwambia nisamehe, Mama, niliogopa ungemkataa.

"Miaka nane sijakuuliza mambo ya mtoto," akasema. "Ulifikiria nilinyamaza kwa nini?"

Niliangalia vibuyu vyake vya mursik.

"Nilinyamaza nisikuumize. Niliona vile unatoka hospitali na macho imefura. Nikasema, huyu msichana wa watu nisimwongezee." Akaiweka ile mbegu juu ya meza. "Kumbe wewe ulikuwa unanisikia nikikutukana." Akachukua vibuyu vyake, vyote viwili, vikiwa bado vimejaa, akaenda kungoja gari la Moiben. Kibet alimfuata, akarudi peke yake.

Wiki mbili sikupokea simu ya mtu. Dukani nilifungua kwa sababu ng'ombe za watu hazina habari na aibu yangu. Mama Shiro alikuwa anapita mbele ya mlango akijifanya anatafuta kitu alichoangusha, mwishowe akaingia akaketi akaniambia amehuzunika zaidi kwamba sikumwambia yeye, halafu akasema pia kwamba akina mama waligawana keki. Nilipiga simu Moiben kila siku. Haikupokewa. Alhamisi ya kamati ilifika, nikaketi nyuma ya mizani tangu asubuhi, nikijua kwamba mahali fulani majina yanasomwa na letu halimo, na kwamba pengine kuna mtoto amepewa wengine ambaye angekuwa wetu kama ningekuwa na ujasiri wa kusema nimekula githeri. Nililia hadi mteja akaniuliza kama dawa ya kuoshea ng'ombe imenirukia machoni.

Jumanne ya wiki ya tatu, saa nne asubuhi, Mama Kibet akasimama mbele ya kaunta. Kilemba chake cha Jumapili, bahasha ya kaki kwapani. Hakunisalimu. Akaiweka bahasha juu ya kaunta akaisukuma kwangu.

"Nimesikia nyinyi watu wa kuchukua mtoto mnapenda karatasi," akasema. "Hii ni yangu. Peleka."

Ndani mlikuwa na nakala ya kitambulisho chake pande zote mbili. Picha mbili za pasipoti, amekaza uso kama anagombana na mpiga picha. Na barua iliyochapwa katika ofisi ya chifu, nimeisoma mara nyingi hadi naijua kwa moyo: kwamba yeye, mama mzazi wa Kibet, akiwa na akili zake na bila kulazimishwa na mtu, anajulisha ofisi kuwa mtoto atakayeletwa ni wa boma lake, kwamba hajui kama ni mvulana au msichana, kwamba hatamuuliza alikotoka, na kwamba kuna ndama jike ametengewa. Chini, sahihi yake ya kukwaruza. Pembeni, muhuri.

Yeye akaangalia rafu, akasema anataka ile dawa ya kupe ya chupa kubwa, na kwamba amebadilisha gari mara mbili na hajanywa chai, je, katika mji huu mtu hupewa chai? Nikatia maji ya chai kwenye sufuria, nikaongeza moto. Ikamwagika, bila shaka.

Madam Nafula aliisoma barua mara mbili. Akaniambia kwenye orodha yake yote hakuna mahali panapohitaji karatasi kama hiyo. Kisha akachukua ile mashine ya kutoboa matundu, akaitoboa barua, akaiweka mbele kabisa ya faili. Alikuja nyumbani tena, tukakaa naye saa tatu, tukajibu kila kitu, na safari hii kamati ilipokaa tulikuwemo. Tulingoja tena, miezi mingine, na niliingoja vibaya kama zamani, nikizunguka nyumba, lakini kila mtu alijua ninachozungukia. Msichana wetu sasa anavuta mifuko ya mbolea kutoka rafu ya chini na haniachi nifanye kazi.

Nimeapa kitu kimoja. Sitamwuliza tena mtu swali kichwani mwangu, nimjibie mwenyewe, halafu nimkasirikie kwa jibu nililompa. Ni haraka yangu hiyo, na ilitaka kunigharimu mtoto.

Maana kuna jambo kwenye ile barua nililiona jioni ile, baada ya yeye kurudi Moiben, nikiwa nafunga duka. Chifu alikuwa ameweka mstari mtupu ulioandikwa Uhusiano na mtoto, na yeye mwenyewe, kwa kalamu, kwa herufi kubwa zisizolingana, alikuwa ameandika KOGO, ndiyo nyanya kwa lugha yao. Miezi kumi nilizunguka mji huu nimebeba tumbo, na sikuthubutu kujiita mama hata mara moja, hata nikiwa peke yangu mbele ya kioo. Yeye alikwenda kwa chifu siku moja akajiita nyanya ya mtoto ambaye hakuna aliyekuwa amemwona, akadai apigiwe muhuri.